Vidonge vya Lubunga

Baraka, tarehe 3 Oktoba 1956

Mvua imefika, na mume wangu amefika nayo. Nguo zote nilizokuwa nimeanika zimelowa tena, na sikujali hata kidogo, nilisimama katikati ya uwanja nikicheka kama mwendawazimu. Fabien huyo! Mwezi wa tano tulimpeleka hospitali ya Uvira akitema damu, na wanawake wa mtaa walikuwa wameshaanza kuniangalia kwa yale macho wanayowaangalia nayo wajane. Leo ameshuka kwenye lori la pamba kwa miguu yake mwenyewe, akamrusha binti yetu Suzanne juu, akauliza: "Leo munapika nini?"

Sindano amemaliza. Vimebaki vidonge vya kifua, vya kumeza kila siku mpaka kiangazi kije na kipite, na atavipokea hapa Baraka, dispanseri.

Furaha hii nikimwambia jirani atanionea kijicho, basi naiandika. Masista walinifundisha Kiswahili cha kitabu, nami nitaandika hicho hicho. Lakini maneno ya watu nitayaacha yalivyotoka mdomoni mwao.

6 Oktoba

Tumeenda dispanseri kuchukua chupa ya vidonge kwa munganga Placide. Mtu wa Kasongo, hana mke, shati limefungwa vifungo mpaka kooni hata jua likiwaka, na anaongea na wagonjwa kama wote ni viziwi.

"Muntu moja, chupa moja! Kila siku! Hata unajisikia muzuri, meza. Hata mvua, hata kilio, hata ndoa, meza. Na umeze kisha kula, juu haitaki tumbo wazi. Na ukipatia mwengine hata kimoja, umejiua we, na yule haujamuponyesha."

Fabien alijibu, "Ndiyo, Munganga." Mimi nilijibu moyoni: nani huyo anayegawa dawa kama peremende? Mdomo gani huu! Anatuona washenzi.

12 Oktoba

Mvua kutwa. Fabien ameanza kuchonga mtumbwi wa Raphaël, ndugu yake mvuvi.

20 Oktoba

Ameongezeka uzito. Suruali ya zamani imekataa kufunga, na mimi ndiye niliyeipanua kwa cherehani yangu, nikimtukana kwa raha.

"Fabien, utajaza nyumba."

"Nyumba ni yangu, acha niijaze."

Kila jioni anaenda na chupa yake lubunga. Kwetu Wabembe mwanaume hali nyumbani. Kila mke anapika na kupeleka sahani kwenye lubunga, baraza ya wanaume wa ukoo, na huko vyote vinawekwa pamoja na wote wanakula sahani zote. Mwenye mke mvivu anakula, aliyefiwa anakula, mgeni anakula. Kujificha ndani na mke ukala peke yako ni aibu ambayo hata watoto wako watatukaniwa. Mwanamke haingii, anaacha sahani mlangoni na kurudi. Basi Fabien anameza vidonge kule kule, maana ndiko tumbo lake linakoshibia.

Mkubwa wa lubunga ni Norbert, kaka yake. Huyu ndiye aliyembeba Fabien mgongoni mwezi wa tano mpaka barabarani, akakataa tipoyi, kile kiti cha kubebea wagonjwa, akakataa kupokewa, machozi na jasho vikimtiririka pamoja. Ningeruhusiwa kujichagulia baba wa pili, ningemchagua Norbert.

1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu. Baada ya misa Placide alitufuata mpaka nyumbani, na kelele zake zote.

"Chupa yako imeisha tena mbele ya wakati. Unauzisha dawa, Fabien?"

Fabien alitazama chini. Mimi nilichukua ufagio. Nilimwambia Munganga kwamba mume wangu si mwizi, na kama Kasongo wanauza dawa, sisi hapa tunavua ndagala. Aliondoka na matope mpaka magotini. Majirani walicheka, na mimi nilijiona shujaa.

14 Novemba

Leo sicheki tena.

Nilikuwa nikimenya mihogo na Adolphine, mke wa Norbert. Mwanamke mpole, hana ubaya hata wa kumfukuza kuku. Akaniambia, bila kuinua macho:

"Mama Suzanne, aksanti kwa ile dawa. Mugongo ya Norbert haimuume tena."

"Dawa gani?"

"Ile ya Fabien, banagawanyaka kule lubunga. Hata Raphaël anapata, juu ya jicho yake."

"Juu ya jicho!"

"Dawa inafufua muntu ya kufa, itashindwa na jicho?"

Nilitupa kisu. Nilikwenda moja kwa moja ufukweni, Fabien anakochonga. Hakusimamisha hata tezo yake.

"Vidonge yako unapatia nani?"

"Unajua nani."

"Sema mwenyewe."

"Bandugu yangu."

"Na chupa ikiisha, unamezaka nini?"

"Namezaka mate." Akacheka. "Mi nimepona, mama. Angalia huu mukono."

"Munganga alisema kila siku! Alisema hata ukijisikia muzuri!"

Hapo alisimamisha kazi. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Munganga hana ndugu hapa. Mi nilipokuwa nakufa, nani alinibeba? Nyama nilikula, niliwinda mi? Samaki Raphaël alileta kila siku, nilivua mi? Leo niko na kitu inafufua muntu, niifiche ndani ya shati, nimeze mbele yao, na bandugu banaangalia? Ule si Fabien tena. Ule ni mulozi."

Mchawi! Na lililonichoma ni ile hesabu yake ya nyama na samaki. Maana ni kweli. Katika miezi ile yote hakuna siku niliyolala njaa. Sahani za lubunga zilinirudia kwangu zikiwa na nyama, na mtu hakunisimanga. Sasa niende niwaambie nini watu hao? Kwamba vyao vilikuwa vyetu, na chetu ni chetu?

16 Novemba

Nimekwenda kumwomba Placide msamaha wa ufagio. Alinipa kigoda, na kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Kumbe anajua kusema polepole.

"Ugonjwa huu ukiupiga kila siku, unakufa. Ukiupiga leo, uache kesho, uurudilie juma ijayo, unaamuka umeshajua fimbo yako. Kisha upige unavyotaka, hausikie tena. Na ile fimbo, mama, sina ingine."

Nilimuuliza kuhusu wale wengine, wanaomeza kwa ajili ya mgongo na macho. Akasema kidonge hiki hakijui mgongo wala macho. Norbert amepumzika tu, mvua imemtoa shambani.

Nimerudi moja kwa moja kumtafuta Fabien.

18 Novemba

Tangu jana Fabien anakula nyumbani. Nililia, nikapiga magoti, nikamletea Suzanne mbele yake, akakubali. Anameza mbele yangu, kisha ananifungulia mdomo kama mtoto ili nione. Ugali haumpiti kooni. Sauti za wanaume kutoka lubunga zinasikika mpaka kwetu, na yeye amekaa kama mtu aliyefungwa.

21 Novemba

Mvua. Anakula nyumbani.

25 Novemba

Norbert amekuja. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea, akakataa kuingia.

"Mama Suzanne, ndugu yangu haji kula. Nimekosa nini?"

"Haujakosa, Yaya," nikamwita kama wote wanavyomwita kaka mkubwa. "Ni dawa. Dawa yake iko ya yeye peke yake."

"Kitu gani iko ya muntu moja? Mi nina mbuzi ya mi peke yangu? Nina mutumbwi ya mi peke yangu? Batu banasema umemufunga Fabien ndani ya nguo yako. Nimekatala kusikia. Nimekuya unieleze mwenyewe."

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, fimbo na yote. Alinisikiliza kwa heshima, na kwa kila neno nililosema niliona anazidi kunihurumia, jinsi unavyomhurumia mtu aliyedanganywa. Mwishoni akasema: "Dawa inaponyesha muntu moja na kuua mwengine, mama, ile ni dawa ya munganga, ao ni ya mulozi?"

Hapo nilipoteza adabu. Nilimpigia kelele shemeji yangu mkubwa mbele ya watu: "Mutamuua na mapendo yenu!" Suzanne akaanza kulia. Norbert akavaa kofia akaondoka, na Fabien, mume wangu, akamfuata. Jioni alikula lubunga.

Nilikuwa nampenda Norbert. Leo siwezi hata kulitazama paa la nyumba yake.

1 Desemba

Tumepatana hivi: Fabien atakula na ndugu zake, ila chupa inakaa kwangu, na anameza akirudi. Sijui kama inatosha. Placide anasema itatosha ikiwa ni kila siku.

9 Desemba

Kuna kazi kubwa. Mfanyabiashara mmoja anataka mtumbwi mrefu, na mti wa namna hiyo uko juu, upande wa Lubondja. Fabien na Raphaël wataenda kuukata na kuuchonga huko huko mpaka uwe mwepesi wa kuteremshwa. Placide hakutaka kutoa dawa ya safari. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilisema, Munganga, amebadilika, nimemwona kwa macho yangu akimeza. Akaichukua chupa, akaijaza mpaka juu.

10 Desemba

Wameondoka. Fabien alipita lubunga kuaga, halafu akanipungia mkono kutoka barabarani. Anatembea vizuri, yule mwanaume. Nilimwangalia mpaka kona.

17 Desemba

Mvua. Barabara ya juu imekatika.

22 Desemba

Mvua. Hakuna mtu aliyeshuka kutoka Lubondja.

Noeli

Sherehe gani. Mtoto mdogo wa Adolphine alikuwa na homa. Nikapita kumjulia hali. Nikamkuta Adolphine anasaga kidonge cheupe ndani ya kijiko.

Nilikitambua kabla sijauliza.

"Umeipata wapi hii?"

"Lubunga. Fabien alibaachia yote siku ya kwenda." Akaona uso wangu, akaacha kusaga. "Alisema kule pori yuko na nguvu, haitaji. Alisema ninyi muliobaki muko na batoto. Ni mubaya, mama?"

Nilimnyang'anya kijiko, nikamwambia ampeleke mtoto dispanseri, homa ina dawa yake. Akaenda mara moja, mbio, mtoto mgongoni. Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia mpaka chakula chake kikaungua jikoni. Fabien, Fabien. Hakunidanganya kwa ubaya. Aligawa kama anavyogawa mtu anayesafiri, ili wamkumbuke kwa wema. Na mimi nilimwambia Placide amebadilika.

30 Desemba

Mvua. Barabara bado.

6 Januari 1957

Mvua. Natamani kupanda kwa miguu, ila wanasema madaraja yamekwenda na maji.

19 Januari

Wamerudi, bila mtumbwi. Raphaël alimwegemeza Fabien begani. Nilikuwa nashona, nilisikia kikohozi kutoka barabarani kabla sijaona mtu, na nilikijua, kama unavyojua sauti ya mtu wa nyumbani.

"Ni baridi tu ya pori," Fabien akasema.

Suzanne alimrukia shingoni. Baba yake hakuweza kumnyanyua.

20 Januari

Placide hakunilaumu. Nilijitayarisha kulaumiwa, na hakuwa na lawama. Amechukua makohozi, na sasa anavuka mvua kila asubuhi kuja kumpa Fabien vidonge mwenyewe. Fabien anameza. Sasa anameza!

2 Februari

Damu.

10 Februari

Kila siku anameza. Hakuna hata moja iliyorukwa, mimi nipo, Placide yupo. Na kila siku anakonda. Nimekuwa mtu wa kupima kwa macho: shingo, mikono, panja. Suruali niliyoipanua nimeipunguza, nikaifungua tena, nikaipunguza zaidi. Namwambia ni kitambaa kimelegea.

21 Februari

Sindano zimetumwa kutoka Uvira, zile zile za mwaka jana. Fabien amefurahi, anasema alizipenda. Placide anachoma na kuondoka.

15 Machi

Leo nilimfuata Placide mpaka njiani.

"Niambie."

"Haimushike tena, mama. Vidonge haimushike, na sindano nayo naona haimushike. Mwaka jana ugonjwa ulikuwa karibu na kufa. Tumeuamusha."

"Tumeuamusha" alisema. Hakusema "mmeuamsha". Mimi niliyemfukuza kwa ufagio, mimi niliyemwomba chupa ya safari, akajiweka pamoja nami katika neno moja.

"Na dawa ingine?"

Akafungua kifungo cha shati lake kooni, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. "Hapa, hapana. Nimeandika. Nimeandika mara nyingi."

22 Machi

Norbert amekuja na wanaume wote wa lubunga. Safari hii aliingia. Alifungua kitambaa mbele ya mkeka wa Fabien, na ndani yake vilikuwa vidonge, viganja viwili tele. Kumbe wengi wao hawakuvimeza kabisa! Walivihifadhi, kila mtu ndani ya paa lake, kwa ajili ya siku mbaya. Vimeshika unyevu, vimegeuka manjano, vingine vimekuwa unga.

"Chukua yako," Norbert akasema. "Tunarudisha yote. Hata ya nusu tumerudisha. Meza, ndugu yangu."

Placide alikuwepo. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba hivi vimekufa, na hata vingekuwa vipya havingesaidia. Norbert alisikiliza kama alivyonisikiliza mimi ule mwezi wa kumi na moja, ila sasa aliamini. Nilimwona akiamini. Mtu mkubwa namna ile alikaa chini polepole, akashika mguu wa mdogo wake juu ya blanketi.

Na Fabien ndiye aliyembembeleza. "Yaya, wacha. Tulikula pamoja. Wacha, Yaya."

Nilingoja chuki yangu ije, nilikuwa nimeitunza miezi yote hii. Haikuja. Nilimpikia Norbert uji, na akaunywa.

3 Aprili

Mvua inapungua. Fabien hawezi tena kukaa.

5 Aprili

Suzanne anakohoa.

6 Aprili

Ni vumbi. Nimepangusa nyumba yote. Nimemlaza kwa Adolphine.

11 Aprili

Si vumbi. Placide amemsikiliza kifuani kwa muda mrefu mno, akamwambia avae gauni lake, akampa kipande cha muwa, na mtoto akatoka nje kucheza.

"Ameipata kwa baba yake," akasema.

"Basi mupe dawa! Huyu hajagawa kitu. Huyu hajawahi kumeza hata kimoja. Kwake dawa ni mupya!"

"Dawa kwake ni mupya, mama. Ugonjwa si mupya. Ule aliopata ni ule wa baba yake, wenye umeshazoea fimbo."

Kuku wa Adolphine walikuwa wakipita ndani ya nyumba na hakuna aliyewafukuza.

"Itamushika kidogo?"

"Tutamupa," akasema Placide. "Kila siku. Nitamupa miye mwenyewe."

Sikumwuliza tena, kwa sababu alikuwa hajajibu.

14 Aprili, Jumapili ya Matawi

Asubuhi, kabla ya misa, Placide alikuja na kidonge cha Suzanne. Alikiweka kwenye kiganja chake na kumshikia kikombe cha maji. Tulikuwa wote barazani: Norbert ambaye haondoki tena kwetu, Adolphine, na Fabien kwenye mkeka wake tuliouvuta nje ili apate jua.

Suzanne alikitia mdomoni. Akakikata kwa meno katikati. Nusu akameza, akakunja uso kwa uchungu wake, na nusu akaitema kwenye kiganja, akaifuta na gauni, akashuka mpaka mkekani.

"Baba, na we."

Fabien akafungua mdomo. Hakuwaza, ni mazoea tu, mtoto akikupa kitu unafungua mdomo. Norbert akatoa mlio kama mtu aliyechomwa. Na mimi nikafika. Nilimshika mtoto mkono kwa nguvu iliyomwumiza, nikairudisha ile nusu kinywani mwake, nikaziba mdomo wake kwa kiganja changu, nikabana mpaka nikasikia koo limemeza.

"Mama, na Baba?" alilia nilipomwachia. "Baba naye ni mugonjwa!"

"Baba hapana. Ni yako. Ni yako peke yako. Usipatie muntu. Usipatie hata mi. Umesikia?"

Aliniangalia kana kwamba hanijui. Katika ukoo huu hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa neno hilo na mama yake, na mimi nilimwambia mbele ya baba yake na mkubwa wa lubunga, na hakuna hata mmoja aliyenikataza. Fabien aligeuza uso ukutani.

Placide akakusanya kikombe chake. Nilimtazama, nikitaka anipe hata uongo.

"Kesho tena," akasema, akaenda.

Suzanne hajanisemesha tangu asubuhi. Amelala kwenye mkeka wa baba yake, mgongo kwangu, na wanakohoa, huyu akianza, yule anaitikia. Kesho Munganga atakuja, na nitamziba mdomo tena.